Maradhi ya Matumbo ya Paka na Tarehe ya Kutafutwa kwa Virusi Vyake

Kabla mtaalamu yeyote hajayapa maradhi haya jina, wenye paka wa nchi nyingi walikuwa wakiyajua kwa macho: paka aliyelala mzima huamka mnyonge, akakataa chakula, akatapika majimaji ya manjano yenye povu, akaharisha mpaka damu ikaonekana, kisha akajikunyata mbele ya bakuli la maji, kidevu kikikaribia kuyagusa, kiu imemshika na kumeza kumemshinda, na aghalabu, kabla siku ya tano haijatimia, amekwisha kufa na paka wa jirani ameanza kutapika. Watoto wa paka ndio waliofyekwa zaidi, na nyumba aliyofia mmoja haikuwa salama kwa mwingine aliyeletwa humo miezi mingi baadaye, hata wenyewe, kwa kuona mauti yanayokuja upesi namna ile pasipo onyo, wakaamini kwamba wanyama wao wametiliwa sumu na mtu mwenye chuki.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, elimu ya bakteria ilipokuwa imepanda daraja kwa kazi za Pasteur na Koch, kila maradhi yalitafutiwa bakteria wake. Na ndani ya matumbo, mahali palipojaa bakteria wa kila namna, awe mnyama mzima awe mgonjwa, haikuwa taabu kumpata mmoja wa kushtakiwa. Njia ya kutoka katika mkanganyiko huo ilipatikana kwa chombo kisichokusudiwa kazi hiyo, nacho ni chujio la kauri lililobuniwa Paris mwaka 1884 na Charles Chamberland, msaidizi wa Pasteur, ambalo vitundu vyake ni vidogo hata bakteria hawapenyi. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye maradhi akaona kwamba yaliyopita chujioni yangali yanaambukiza. Mwaka 1898 Wajerumani Loeffler na Frosch wakayaona hayohayo katika ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Na tangu hapo ikawa bayana kwamba wako wauaji wadogo kuliko bakteria.

Zamu ya paka ilichelewa miaka thelathini. Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Verge na Cristoforoni, walitoa makala ambayo anwani yake yenyewe ilikuwa swali: je, maradhi ya kuambukiza ya tumbo na matumbo ya paka yanatokana na kirusi kinachopita chujioni? Jawabu lao lilikuwa kwamba ndivyo, na miaka michache baadaye, mjini London, Hindle na Findlay wakalichunguza jambo hilo upya na kulithibitisha. Ukitafakari utaona jinsi elimu hiyo ilivyokuwa finyu: hapana aliyekwisha kukiona kirusi chenyewe, hapana aliyejua umbo lake wala kimeumbwa kwa nini, kilijulikana kwa sifa mbili tu, kwamba chujio halikizuii na kwamba kinaua. Lakini maradhi yalikuwako mbele ya macho, yakilazimisha sababu yake itafutwe. Na mwendo huo, wa kuanza kwa mgonjwa na kuishia kwa kirusi, ndio ninaomuomba msomaji aushike, maana zama zetu zimeupindua.

Huko Marekani maradhi hayohayo yalifikiwa kwa mlango mwingine. Mwaka 1938 Lawrence na Syverton, wa Rochester katika jimbo la New York, walieleza paka ambao chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimetoweka karibu zote, nao wakayaandika maradhi hayo kama maradhi ya damu. Mwaka uliofuata William Hammon na John Enders, wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakaunganisha pande mbili za habari kwa kuonyesha kwamba kirusi kimoja ndicho kinachoharibu utando wa matumbo na papo hapo kumaliza chembe nyeupe. Paka mzima huwa na maelfu ya chembe hizo katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, na katika maradhi haya hesabu hiyo yaweza kushuka hata ikabaki mia chache. Sababu yake ilikuja kueleweka baadaye: kirusi hiki hakina uwezo wa kuzaana ndani ya seli iliyotulia, bali hungoja seli inayojigawa ili kitumie mitambo yake, na mahali ambapo seli hujigawa usiku na mchana katika mwili wa paka ni vishimo vya ukuta wa utumbo, ambamo utando mpya hutengenezwa, na uboho wa mifupa, ambamo damu huzaliwa. Kwa hiyo waliotazama tumbo waliona maradhi ya tumbo, na waliotazama damu waliona maradhi ya damu, wala hapana aliyekosea.

Yapo maradhi ya tatu yaliyotokana na kirusi hichohicho, na kisa chake, kwa maoni yangu, ndicho kizuri kupita vyote katika tarehe hii. Mwaka 1888, Herringham na Andrewes, matabibu wa hospitali ya St Bartholomew's mjini London, walieleza habari za paka wenye ugonjwa wa ubongo mdogo wa kisogoni, ambao hutembea wakipepesuka, miguu imetanuka, kichwa kikitikisika kila wanapokusudia kulifikia jambo. Na kwa kuwa paka wa namna hiyo huzaliwa pamoja, ndugu kwa ndugu, mama akiwa mzima, dhana iliyokaa vichwani mwa wataalamu kwa muda wa karibu miaka themanini ilikuwa kwamba ni kasoro ya urithi. Katika miaka ya 1960, Lawrence Kilham na George Margolis wa Dartmouth, katika jimbo la New Hampshire, walikuwa wakishughulika na kirusi cha panya ambacho Kilham mwenyewe alikuwa amekigundua, nao waliona kwamba wakikitia katika hamsta wachanga, wanyama hao hukua wakipepesuka kwa kuwa ubongo mdogo wa kisogoni umeharibika. Watu waliokwisha kuona hayo hawakuweza tena kumtazama paka anayepepesuka kwa macho ya zamani. Mwaka 1966 walitangaza kwamba upepesukaji wa paka nao una kirusi, na mwaka 1967, wakishirikiana na R. H. Johnson wa Uingereza, wakaonyesha kwamba kirusi hicho na kile cha maradhi ya matumbo ni kimoja: mama mwenye mimba huambukizwa pengine bila ya kuugua, na mtoto, ambaye ubongo wake mdogo ungali unajengwa kwa seli zinazojigawa, hupata hasara asiyoweza kuifidia maisha yake yote, ingawa huweza kuishi miaka mingi, akala, akacheza na kupendwa. Urithi ukaondolewa lawama iliyouelemea tangu zama za Malkia Victoria.

Huyo Johnson ndiye aliyefanikiwa kukiotesha kirusi cha paka katika seli zilizokuzwa nje ya mwili, na la ajabu ni kwamba mnyama aliyempatia kirusi hicho, katika makala yake ya mwaka 1964, alikuwa chui na si paka wa nyumbani. Ajabu nyingine ni kwamba ufundi wenyewe wa kuotesha virusi namna hiyo ulikuwa umetukuzwa na mtu aliyekwisha kupita katika habari hii: John Enders, baada ya kuwaacha paka wake, alifanikiwa mwaka 1949 pamoja na Weller na Robbins kuotesha kirusi cha polio katika seli, na mwaka 1954 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel. Kabla ya hapo chanjo ya paka ilitengenezwa kwa kusaga viungo vya paka waliokufa na kuvitia dawa ya kuua kirusi, kazi chafu yenye mazao haba. Baada ya hapo ikawezekana kuitengeneza kwa wingi, na katika nchi zilizochanja, maradhi yaliyokuwa yakimaliza paka mtaa mzima yakawa ya nadra.

Ukali wa kirusi hiki ulipata ushahidi usiosahaulika mahali pa mbali kabisa, katika kisiwa cha Marion, kilichomo katika bahari baridi ya kusini na kumilikiwa na Afrika Kusini. Mwaka 1949 paka watano walipelekwa huko ili wawinde panya waliokuwa wakisumbua kituo cha watazamaji wa hali ya hewa. Paka wakaona kwamba ndege wa bahari, wanaotaga ndani ya mashimo ardhini, wanakamatika kwa urahisi zaidi kuliko panya, wakazaana porini, na mwaka 1975 ilikadiriwa kwamba wanaua ndege wapatao 450,000 kwa mwaka. Mwaka 1977, walipofikia paka 3,400 hivi, kirusi cha matumbo kilipelekwa kisiwani kwa kusudi, na kwa kuwa wale paka walikuwa uzao wa watano waliotengwa na dunia, wasio na kinga, walianguka hata mwaka 1982 wakakadiriwa kuwa 615. Waliosalia walikuwa na kinga, kirusi kikapungua nguvu, na ilibidi kazi ikamilishwe kwa bunduki na mitego hadi mwaka 1991. Sina furaha na kisa hiki, wala siwezi kuwalaumu waliowahurumia ndege. Nakitaja kwa kuwa ni mara chache mwanadamu kuyahesabu maradhi ya paka kwa uangalifu wa namna ile, na hesabu yenyewe inaonyesha mambo mawili pamoja, yaani uwezo wa kirusi na mpaka wa uwezo huo.

Lakini kirusi hakikukaa kwa paka peke yao. Mwaka 1947 minki wa kufugwa, wale wanyama wadogo wa manyoya ya thamani, walianza kufa kwa kuhara huko Fort William, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, na daktari wa mifugo Frank Schofield akayaeleza maradhi yao mwaka 1949. Ikaja kujulikana kwamba kirusi chao na cha paka ni watoto wa baba mmoja. Jambo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1978, mbwa wa bara hili na lile walipoanza kufa karibu kwa wakati mmoja, watoto wao wakiharisha damu au wakianguka ghafla kwa kupatwa na moyo, kwa maradhi ambayo hapana daktari aliyewahi kuyaona kwa mbwa. Wataalamu walipoifungua akiba ya damu ya mbwa iliyokuwa imegandishwa kwa makusudi mengine, waliona kwamba mbwa wa Ulaya walikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi hicho tangu katikati ya miaka ya 1970, ilhali damu ya kabla ya hapo haikuwa nazo. Kilikuwa kirusi kipya, na jamaa yake wa karibu alikuwa kirusi cha paka. Jamaa wa karibu hata mbwa wa kwanza kukingwa walikingwa kwa chanjo ya paka, kwa kuwa ya kwao ilikuwa haijatengenezwa.

Hapo ndipo elimu ya jeni ilipochukua usukani. Jenomu ya kirusi hiki ni uzi mmoja wa DNA wenye herufi kama 5,000 tu, nao ulipokwisha kusomwa, hasa kwa kazi ya Colin Parrish na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilidhihirika kwamba tofauti baina ya kirusi cha paka na cha mbwa haifiki herufi moja katika kila mia, na kwamba mabadiliko machache mno katika protini ya gamba la kirusi ndiyo yaliyokifungulia mlango wa seli za mbwa. Mlango wenyewe ni protini iliyoko juu ya seli ambayo kazi yake ya halali ni kuingiza madini ya chuma. Kirusi huishika kama mgeni mdanganyifu anayeingia kwa mkono wa mwenyeji. Kile kirusi cha mbwa cha mwaka 1978 kilikuwa kimepoteza uwezo wa kuzaana katika paka, lakini aina zilizokifuata, zilizoonekana kuanzia mwaka 1979 na kisha 1984, ziliurudisha uwezo huo, hata leo paka mwenye dalili za maradhi ya kale aweza kuwa ameambukizwa kirusi kilichopita kwa mbwa kikarejea. Wala tabibu hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili kwa kumtazama mgonjwa. Ni kusoma jeni ndiko kunakoamua.

Tawi la pili la tarehe hii ni la virusi vya korona vya paka, na lina tabia nyingine kabisa. Mwaka 1963 daktari wa mifugo Jean Holzworth, wa hospitali ya Angell Memorial mjini Boston, alieleza maradhi ambayo humjaza paka maji tumboni na kumwua polepole. Baadaye yakahusishwa na kirusi cha korona, ambacho jenomu yake ni ya RNA na ina herufi zipatazo 29,000. Kitendawili kilikuwa kwamba kingamwili za korona zilionekana kwa paka wengi walio wazima kabisa. Mwaka 1981 Niels Pedersen na wenzake wa Davis, California, wakaeleza kirusi cha korona kinachokaa matumboni, ambacho aghalabu hakileti zaidi ya kuhara kidogo. Na baada ya miaka kadhaa ya mabishano, mwaka 1998 utafiti wa jeni uliunga mkono rai kwamba muuaji hatoki nje, bali ni kirusi hichohicho cha matumboni ambacho, ndani ya mwili wa paka huyu au yule, kimegeuka jeni zake kikapata uwezo wa kuingia katika chembe za kinga na kusafiri mwili mzima. Paka wengi hubeba kirusi, wachache hufa. Aliye duma hana bahati hiyo: katika hifadhi moja ya wanyama ya Winston, jimbo la Oregon, maradhi ya korona yaliyoingia mwaka 1982 yaliwaua zaidi ya nusu ya duma waliokuwamo, ilhali simba wa hapo hawakudhurika, na Stephen O'Brien na wenzake wakaihusisha taksiri hiyo na ufinyu wa ajabu wa tofauti za jeni baina ya duma mmoja na mwingine. Simba wa kwetu nao wamekwisha kupimwa; utafiti uliotangazwa mwaka 1996 uliona kingamwili za kirusi cha matumbo cha kale na za korona katika damu ya simba wa Serengeti na Ngorongoro, yaani virusi vimepita katika miili yao na kuwaacha hai.

Simba hao wanatufikisha kwenye mapinduzi niliyoyataja. Hadubini ya elektroni ilipoanza kuelekezwa kwenye kinyesi cha paka, mwaka 1981 Hoshino na wenzake wa Cornell waliona humo virusi vyenye umbo la nyota; baada ya ufundi wa kuzidisha DNA, uliobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, na hasa baada ya kupatikana mitambo isomayo jeni zote zilizomo katika tone moja bila ya kuuliza ni za nani, orodha ikafurika: bokavirusi Hong Kong na norovirusi New York mwaka 2012, kobuvirusi Korea Kusini mwaka 2013, kundi zima la virusi katika makazi ya paka huko California mwaka 2014, na mwaka 2020 parvovirusi mpya kutoka makazi ya paka wasio na wenyewe ya British Columbia, walikokuwa wakitapika na kuhara. Verge na Cristoforoni walikuwa na maradhi mkononi wakatafuta kirusi. Warithi wao wana virusi mkononi wanatafuta maradhi. Kirusi kikionekana katika kinyesi cha paka anayehara, si haki kukihukumu kabla ya kukitafuta kwa bidii ileile katika kinyesi cha paka wazima wa mahali palepale, na kazi hiyo ya pili, kwa kuwa haina sifa ya ugunduzi, hufanywa mara chache kuliko inavyostahili. Naona tunarudia, kwa vyombo vya thamani kubwa, taabu ya wale wa karne ya kumi na tisa ambao kila mmoja alimpata bakteria wake.

Hata hivyo sharti nikiri nguvu ya vyombo hivyo pale maradhi yanapotangulia. Kupro ni kisiwa ambacho paka amezikwa pamoja na mwanadamu tangu miaka kama 9,500 iliyopita, kama wachimbaji wa mambo ya kale walivyoona mahali paitwapo Shillourokambos. Na huko, mwaka 2023, paka walianza kufa kwa wingi kwa yale maradhi ya kujaa maji tumboni, tena kwa namna iliyoonyesha kwamba safari hii yanapita kutoka paka hadi paka. Wataalamu wa Kupro na wa Edinburgh waliposoma jenomu ya kirusi waliona kwamba kirusi cha korona cha paka kimeunganika na kipande cha jeni cha kirusi cha korona cha mbwa, na kuzaliwa kiumbe kipya. Serikali ya kisiwa, mwezi wa Agosti mwaka huo, iliruhusu akiba ya vidonge vya korona vya binadamu itumiwe kwa paka. Nalo halikuwa jambo la kubahatisha, kwa kuwa mwaka 2019 Pedersen, akiwa amekwisha kustaafu, alikuwa ameeleza jinsi dawa ya ukoo huo ilivyowaponya paka zaidi ya 20 kati ya 31 wa maradhi ambayo hapo kabla yalihesabiwa kuwa hukumu ya kifo.

Baina ya virusi vyote vya matumbo ya paka vilivyotajwa hapa, kile cha mwaka 1928 ndicho kinachoua wengi pasipo chanjo, nacho ndicho chenye chanjo ya kutegemewa. Mwenye paka na amchanje mtoto wake kuanzia wiki ya sita au ya nane, arudie kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya kumi na sita itimie, kwa kuwa kingamwili za maziwa ya mama huweza kuibatilisha chanjo ya mapema. Na nyumba iliyofiwa na paka kwa maradhi haya isafishwe kwa dawa ya klorini, ile ya kufulia nguo nyeupe, maana sabuni na spiriti hazikiui kirusi hiki, na chenyewe chaweza kukaa sakafuni hai kwa muda wa mwaka mzima.